Maswali Yenu: Tukate Kabla Sheria Haijatufikia?

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa familia zenye msitu wao wenyewe, hekta chache zilizopandwa au kurithiwa. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu swali lake nimelisikia miaka yote 29 niliyofanya kazi ya ugani wa misitu, nikizunguka katika mashamba ya watu na utepe wa kupimia unene wa miti shingoni. Tena ni swali lisilosamehe. Mti ukishaanguka hakuna rufaa.

*Shikamoo mama. Baba yetu alifariki mwaka juzi akatuachia, sisi watoto wanne, msitu wa hekta 11. Hekta 7 ni paina alizopanda mwenyewe, sasa zina miaka 14. Zilizobaki ni miti ya asili iliyokuwepo tangu enzi za babu. Kuna tetesi kwamba serikali inatunga sheria mpya ya kulinda makazi ya ndege na wanyama adimu. Kaka yangu mkubwa anasema tukate kila kitu sasa, kabla hawajaja kutupigia mstari mwekundu. Mimi nasita. Tufanyeje? — Mtoto wa tatu*

Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba.

Nianze na kaka yako, maana nahisi umeandika ukitarajia nimkemee. Simkemei. Hofu yake ina mantiki na imewahi kupimwa. Katika jimbo la North Carolina nchini Marekani kuna kigong'ota mmoja anayetoboa kiota chake ndani ya paina hai zilizozeeka. Sheria ya 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini kutoweka ilimaanisha kwamba ndege huyo akihamia msituni mwako, huwezi tena kuvuna upendavyo pale alipo. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini wachumi wawili, Lueck na Michael, walichukua takwimu za viwanja zaidi ya 1,000 vya misitu kuanzia 1984 hadi 1990, na katika utafiti waliouchapisha 2003 wakaonyesha kwamba kadiri kiwanja kilivyokuwa karibu na makundi ya ndege hao, ndivyo mwenyewe alivyoelekea kukikata, na kukikata miti ikiwa bado michanga. Ndege anataka mti mzee, na watu wakahakikisha hakuna mti unaofikia uzee. Sheria iliyowekwa imlinde ikawa inamwondolea nyumba.

Walichofanya Wamarekani kurekebisha hilo ndicho ninachotaka mkizungumze mezani ninyi wanne. Hawakuifuta sheria. Mwaka 1995, katika jimbo hilohilo, yalianza makubaliano kati ya serikali na wenye misitu: siku ya kutia saini wanahesabiwa ndege waliopo, mwenye msitu anaahidi kuwatunza hao, na wakiongezeka baadaye kwa sababu ametunza miti vizuri, hawekewi masharti mapya kwa ajili ya hao walioongezeka. Hilo tu. Familia zilizopata ahadi hiyo kwa maandishi hazikuwa tena na sababu ya kuwahi shoka. Pamoja na juhudi nyingine nyingi, mwaka 2024 ndege huyo alishushwa daraja la hatari, akawa na hali afadhali kuliko alivyokuwa kwa zaidi ya nusu karne.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Niger. Kwa sheria zilizotoka enzi ya ukoloni wa Wafaransa, mti uliootea shambani mwa mkulima ulihesabiwa kuwa wa serikali. Mkulima akipogoa matawi bila ruhusa, bwana misitu anamtoza faini. Basi mkulima akiona chipukizi analing'oa lingali dogo, kwa nini alee mti wa mwenzake? Kuanzia miaka ya 1980, baada ya ukame mkali, usimamizi wa sheria hizo ulilegezwa, na wakulima wa mikoa ya Maradi na Zinder wakaanza kuacha visiki vichipue, wakichagua machipukizi mazuri na kuyapogoa. Hawakugawiwa miche. Mizizi ilikuwemo ardhini siku zote. Leo eneo lililorudi kuwa na miti kwa njia hiyo linakadiriwa kufikia hekta milioni 5. Kila ninaposikia mtu akisema wanakijiji hawapendi miti, nakumbuka Niger na moyo unaniuma, kwa sababu miaka yangu ya mwanzo kazini hata mimi nilisema hivyo hivyo.

China nayo iligawia kaya misitu ya ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika majimbo ya kusini familia nyingi zilikimbilia kukata. Zilikuwa zimeona sera zikigeuka mara nyingi mno kuamini kwamba hii itadumu. Serikali ikasimamisha ugawaji mwaka 1987. Iliporudi tena na mageuzi mwaka 2008, iliandika muda wa haki hiyo: miaka 70. Miaka 70 ni lugha ambayo mti unaielewa.

Sasa turudi kwenye hekta zenu 11. Paina za nchi za joto huvunwa kwa kawaida kati ya miaka 18 na 25. Zenu zina 14, ziko kwenye umri wa kunenepa. Mpe kaka yako hesabu hii. Gogo lenye upana wa sentimita 30 lina eneo la mkato mara mbili na robo ya gogo la sentimita 20. Ukikata leo unauza nguzo na kuni, na mnunuzi anajua una haraka, kwa hiyo bei anapanga yeye. Ukisubiri unauza mbao. Hasara ya kuwahi ni ya hakika, wakati sheria mnayoikimbia bado ni tetesi.

Tena ni tetesi kuhusu nini hasa? Tafuteni rasimu yenyewe, msiisome kwa midomo ya watu. Ukiipata, nenda moja kwa moja kwenye sehemu za mwisho, zile watu wanazoruka: masharti ya mpito. Hapo ndipo husemwa kama miti iliyopandwa kabla ya sheria inaguswa au haiguswi. Kisha angalia tafsiri ya neno "msitu". Nchi nyingi hutenganisha miti iliyopandwa na msitu wa asili, na kama kwenu ni hivyo, paina za baba huenda haziguswi kabisa na hofu yote inahusu zile hekta 4 za babu. Mwisho tafuta neno "fidia". Likikosekana, andikeni barua mkalidai sasa, rasimu ingali rasimu. Watu hudhani maoni ya wananchi ni mapambo. Nimewahi kukaa upande wa pili wa meza hiyo, nikipokea maoni: barua 30 za familia zenye ramani na hesabu ya miti zilitufanya tukiandike upya kifungu kizima, na malalamiko ya jumla kutoka kwa mamia ya watu hayakutubadilishia hata nukta.

Kwa hiyo hesabuni miti yenu. Si lazima yote. Pigeni viwanja vidogo vya mfano, pimeni unene wa kila mti kwenye usawa wa kifua, mita 1.3 kutoka ardhini, andikeni tarehe, pigeni picha. Kama kuna ndege au mnyama adimu kwenye ile miti ya babu, mwandikeni pia. Najua kaka yako atasema huko ni kujichongea. Lakini familia yenye kumbukumbu inaweza kudai makubaliano kama yale ya North Carolina, ikaonyesha siku ya kwanza palikuwa na nini. Isiyo na kumbukumbu hupokea inachopangiwa.

Na kuna jambo ambalo hukuniuliza. Umeandika "sisi watoto wanne". Msitu uko kwa jina la nani? Kama bado ni jina la marehemu, hilo linanitia wasiwasi kuliko sheria yoyote ya ndege. Kusini mwa Marekani familia nyingi za Wamarekani weusi zilirithi ardhi na misitu bila hati kubadilishwa, kizazi baada ya kizazi, mpaka warithi wakawa makumi. Mrithi mmoja akiuza sehemu yake kwa mgeni, mgeni huyo aliweza kwenda mahakamani akaomba ardhi yote iuzwe. Na kwa muda mrefu walinyimwa misaada ya serikali kwa wenye misitu, kwa sababu fomu iliuliza hati na wao hawakuwa nayo. Kamilisheni mirathi. Mkitaka kubaki pamoja, andikeni mkataba wa familia unaosema nani anaamua kuvuna, mapato yanagawanywaje, na anayetaka kujitoa analipwa vipi na wenzake.

*Bibi Misitu, naomba unieleze. Mti nimeupanda mimi, kwenye ardhi yangu, kwa miche niliyoinunua. Kwa nini niombe kibali kuukata, na kibali kingine kusafirisha magogo? Huu si uonevu? — Mkulima mwenye hasira*

Hasira yako naijua, nami nimewahi kuwa nayo. Mwaka mmoja upepo uliangusha paina 60 katika msitu aliotuachia baba. Nilifuata utaratibu wote, na ofisi iliyohusika, nisiyoitaja, ikachukua miezi 4 kunijibu. Paina iliyoanguka haisubiri. Wadudu wanaingia chini ya gome, na kuvu ya buluu inatembea ndani ya mbao kama wino kwenye karatasi. Mbao bado ina nguvu, lakini mnunuzi akiona ile buluu anageuka. Kibali kilipofika, nilichokuwa nacho kilikuwa kuni. Nililia, na sioni haya kusema hivyo, maana nilikumbuka mikono ya baba akipogolea matawi ya chini kwa msumeno mdogo.

Hata hivyo sitakuambia vibali vifutwe. Hati ya kusafirisha ndiyo inayoonyesha barabarani kwamba gogo limetoka shambani kwako na halikuibwa katika msitu wa hifadhi. Pasipokuwa na hati, mwizi na mkulima wanafanana kwenye lori, na mwizi atauza kwa bei ya chini kuliko yako kwa sababu hakulipia miche wala palizi. Na miti iliyo kandokando ya chemchemi, au kwenye mteremko mkali, ukiikata yote unamuumiza jirani wa bondeni ambaye hakupata senti kwenye mbao zako. Hapo serikali ina haki ya kuuliza.

Kinachonikera ni namna ya kuuliza. Sweden, ambako watu binafsi wanamiliki karibu nusu ya misitu, mwenye msitu anayetaka kuvuna eneo la kuanzia nusu hekta hutoa taarifa kwa wakala wa misitu wiki 6 kabla. Kwa msitu wa kawaida huko ni kutoa taarifa, haombi ruhusa. Wiki 6 zikipita bila pingamizi, anaweza kuvuna. Baada ya hapo anabanwa pale panapostahili: lazima hatua za kurudishia miti zifanyike ndani ya miaka 3. Wajibu huo wa kurudishia umo katika sheria zao tangu 1903. Ona uzito ulipowekwa. Ukimya wa ofisi haumgharimu mkulima, na anayeacha ardhi uchi ndiye anayefuatwa.

Kinyume chake ni msandali wa India, mti wa mbao zenye harufu nzuri. Kwa vizazi vingi huko Mysore, ufalme wa zamani kusini mwa India, mti huo ulikuwa mali ya mfalme, kisha ukawa wa serikali, hata ukiota uani kwako. Mwenye ardhi alibeba jukumu la kuulinda bila kuwa na umiliki. Watu wakawa hawaupandi, na uliobaki ukawa chakula cha magendo. Jimbo la Karnataka lilibadilisha sheria mwaka 2001, na Tamil Nadu mwaka 2002, mwenye ardhi akatambuliwa kuwa mwenye mti. Kupanda kukaanza upya, ingawa ulinzi dhidi ya wezi bado ni gharama kubwa kwa mkulima.

Kwako wewe, ushauri wangu ni wa karatasi. Tunza risiti za miche. Andika tarehe ya kupanda na aina ya mti, na ikiwezekana uiandikishe ofisini kwa bwana misitu mwaka uleule wa kupanda, isiwe mwaka wa kuvuna. Miti iliyoandikishwa ikiwa michanga huwa haina ubishi inapokomaa. Omba kibali miezi kadhaa kabla ya kumwita mwenye msumeno, na usikubali mnunuzi akwambie "vibali niachie mimi". Gari likikamatwa, jina lililo kwenye hati ni lako.

*Mama, tunalipa kodi ya ardhi kila mwaka kwa msitu ambao hatutauza kitu kwa miaka 20. Kuna namna ya haki zaidi?*

Ipo. Finland, ambako familia na watu binafsi wanamiliki takriban asilimia 60 ya misitu, ilikuwa na kodi ya namna hiyo: serikali ilikadiria msitu wako ungeweza kuzaa kiasi gani kwa mwaka, ikakutoza kwa makadirio hayo, uuze usiuze. Mwaka 1993 wakaanza kutoza mapato halisi ya mbao zilizouzwa baada ya kuondoa gharama. Hawakumshtukiza mtu. Waliotaka kubaki kwenye utaratibu wa zamani waliruhusiwa hadi mwisho wa 2005, miaka 13 nzima ya mpito. Ningekuwa mbunge ningeuiga muda huo wa mpito kabla ya kuiga kodi yenyewe.

Kodi ya kila mwaka kwenye mali inayolipa mara moja katika miaka 20 huilazimisha familia kukata sehemu ili ilipie iliyobaki. Ulizeni kama ardhi yenu imeandikwa kwa matumizi ya msitu au kilimo, maana nimekuta familia zinazotozwa kwa kiwango cha ardhi ya kujenga, kwa sababu tu hakuna aliyepeleka fomu. Ulizeni pia kama kuna malipo ya huduma za mazingira. Costa Rica, kwa sheria yake ya misitu ya 1996, ilikataza kugeuza msitu kuwa shamba, na katika sheria hiyohiyo ikaanzisha malipo kwa wenye misitu kwa maji, hewa na viumbe wanavyovihifadhi, fedha zikitoka kwa sehemu kubwa kwenye kodi ya mafuta ya magari. Katazo na malipo vilikuja siku moja. Nchi nyingi huleta katazo leo, malipo yakabaki ahadi.

*Mnunuzi wa mbao ametutaka tumpe "pointi za setilaiti" za msitu wetu, la sivyo hatanunua tena. Anataka za nini? Zitatumika kutunyang'anya?*

Hapana, hazihusiani na kunyang'anywa. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 inayotaka mbao na bidhaa nyingine kadhaa zinazoingia katika soko lake zionyeshe zilikotoka hasa, kwa pointi za mahali kwenye ramani, na kwamba ardhi hiyo haikufyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wakubwa tayari wanajiandaa, na mahitaji yao yanashuka ngazi kwa ngazi mpaka kwenu. Hii ndiyo maana siku zote nasema sera inayomgusa mwenye msitu si lazima iwe ya serikali yake.

Kwa kiwanja kisichozidi hekta 4 pointi moja inatosha. Kikizidi hapo wanataka mstari wa mipaka wote. Simu janja ya kawaida inaweza kuzichukua. Simama penye uwazi, ngoja dakika kadhaa mpaka namba zitulie, uandike latitudo na longitudo zenye tarakimu 6 baada ya nukta. Nendeni na majirani wa pande zote, mkubaliane mpaka kabla ya kuandika chochote, kwa sababu ramani hiyo itadumu kuliko mnunuzi huyu. Mpeni nakala, mbaki na yenu, na kwenye nakala yake muandike kwamba imetolewa kwa ajili ya kuthibitisha asili ya mbao tu. Na chukueni pointi katika kila kona. Nimeona ramani tatu mwaka huu zilizochukuliwa zote getini.